Namna ya kukusanya vitu vya kale na kuandika habari yake, kwa sie wa Lubumbashi: anza na kaye (daftari), usianze na jembe

Mwaka ule mama mukubwa alinipa krwazeti ya nkambo (njo tunavyoita babu ao bibi), ule musalaba wa mukuba (shaba nyekundu) wenye mikono mine, mi nikaona iko chafu. Nikachukua ndimu, chumvi na muchanga, nikasugua mpaka ikawaka kama sufuria mupya toka dukani. Nilifurahi kabisa. Nikapiga foto nikamutumia rafiki moja anayefanya kazi ya vitu vya kale, akajibu neno moja tu: "Umeiosha?"

Ile kijani niliyoitoa kwa ndimu njo ilikuwa ngozi ya ile kitu, imeota polepole miaka mingi, na ndani ya ngozi kama ile kunaweza kubaki alama ya kitambaa kilichoifunika, udongo wa pahali ilipolala, hata nyuzi. Vyote vikaenda na maji ya beseni. Na kibaya zaidi: sikumuuliza mama mukubwa nkambo aliipata wapi. Leo mama mukubwa hayuko tena.

Kwa hiyo huu mwongozo unatoka kwa mutu aliyeharibu. Ukisoma yote utaona narudia jambo moja, kitu cha kale kisichokuwa na habari yake ni kipande cha chuma ao cha udongo tu. Mfano: kule Katongo, katika bonde la Upemba, waakiolojia walifungua kaburi la miaka kama elfu moja na zaidi iliyopita, wakakuta shoka yenye mupini uliopambwa kwa misumari, na karibu na kichwa cha marehemu kulikuwa fuawe, ile chuma ya kufulia. Sasa fikiri ile fuawe imeokotwa na mutu, imefika peke yake sokoni Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi. Ni kilo ngapi za skrapi? Lakini kwa sababu imeandikwa kwamba ilikuwa pembeni ya kichwa, pamoja na ile shoka, tunajua kwamba ufundi wa chuma na ukubwa wa ufalme vilitembea pamoja kwa Waluba tangu zamani ile. Chuma ile ile. Tofauti ni mutu mumoja aliyeandika.

Kwanza jua nini inaruhusiwa

Hapa sitacheka na mutu. Kongo iko na sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali ya utamaduni. Kuchimba vitu vya kale bila ruhusa hapana, na ukikuta kitu kwa bahati tu, tuseme unachimba choo ao fondasio ya nyumba na jembe linagonga nyungu yenye mifupa, unasimamisha kazi na unaenda kutangaza kwa wenye mamlaka. Kutoa vitu vile nje ya inchi nako kunaomba karatasi. Hapa muji wetu uko na bahati, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi iko tangu 1946 na watu wa kule wanazoea kuona mutu anaingia na kitu ndani ya sashe. Nenda na foto kwanza, si na kitu chenyewe.

Na usinunue kwa wachimbaji. Najua utasema "lakini wamekwisha kuchimba, mi nisiponunua mwengine atanunua". Ndiyo, atanunua, na kesho watafungua kaburi lingine juu ya ile pesa. Makaburi ya Sanga, kwenye ziwa Kisale, yalichimbwa kwa utaratibu 1957 na 1958, halafu tena miaka ya 70 na timu ya mwakiolojia Pierre de Maret, na karibu yote tunayojua juu ya watu wa kule kabla ya karne ya 18 inatoka kwenye makaburi kama yale. Kaburi moja likifunguliwa usiku na jembe, ukurasa ule umechomwa. Na tena kaburi ni kaburi, hata la miaka mia nane.

Sasa unakusanya nini? Vitu vya familia, vilivyo tayari nyumbani. Vitu vyenye karatasi. Sarafu. Na habari zenyewe: unaweza kuwa mukusanyaji mukubwa kabisa bila kumiliki kitu, unaandika na kupiga foto vitu vya jamaa na vinabaki kwao. Kwangu mimi hii njo njia bora, kaye yangu iko na vitu 61 na vyangu ni vinane tu.

Vyombo

Kaye yenye jalada ngumu, usiandike kwa telefone tu kwa sababu telefone inaibiwa. Bik ya bluu, bik ya kijani, na kalamu ya karboni (nitaeleza). Rula, balansi ya jikoni inayoonyesha gramu, lupu kama ile ya mafundi wa saa, na kama unaweza, kile chombo cha mafundi cha kupimia unene, chenye meno mawili. Sumaku ndogo ya spika iliyokufa. Uzi wa pamba. Bei yote haifiki dola 30 ukijua kubishana.

Kuuliza wazee

Hii njo hatua watu wanaruka, na njo ya maana kuliko zote. Sumaku itakungojea, muzee hatakungojea.

Usifike na swali la "hii bei gani", siku ile ile wataficha kila kitu, watafikiri umekuja kuuza mali ya ukoo. Fika na sukari ao sabuni, salimia mpaka mwisho, kaa. Mi naanzaga hivi: "Nkambo, hii niliionaga tangu nikiwa mutoto pale juu ya kabati, mi sijui jina yake." Jina njo mulango. Akisha kutaja jina kwa Kisanga, Kiluba, Kibemba ao Kiyeke, andika vile vile anavyotamka, usisahihishe, halafu uliza inafanya kazi gani, nani aliishika mbele yake, na mbele ya huyo nani. Nkambo mumoja wa Katuba alinionyesha kitu nikadhani ni rungu, akacheka mpaka akakohoa: ilikuwa muchi wa kutwangia dawa.

Sasa ile habari ya kalamu tatu. Bluu ni kwa yale niliyoona na kupima mwenyewe. Kijani ni kwa yale niliyoambiwa, na jina la aliyesema na tarehe. Karboni ni kwa yale ninayofikiri mimi, juu karboni inafutika. Ukichanganya vitatu, baada ya miaka mitano hutajua tena kama "ilitoka Bunkeya" ulisoma kwenye kitu, uliambiwa, ao uliota. Na wazee nao wanavuta, kila familia yenye krwazeti itakuambia iliipata kwa mukono wa M'siri mwenyewe, yule mwami wa Wayeke kule Bunkeya, sasa M'siri aliuawa 1891, kama kila mutu anasema kweli huyu muzee alipitisha maisha yake yote anagawa zawadi. Andika tu kwa kijani, usibishane.

Kupima na kupiga foto

Kuna kanuni ya kimataifa inaitwa Object ID, ilitangazwa 1997 na leo iko chini ya ICOM (baraza la kimataifa la makumbusho), inatumika mpaka na polisi wakitafuta vitu vilivyoibiwa. Inauliza mambo ya kawaida: ni kitu gani, kimetengenezwa na nini, vipimo, maandishi ao alama, kasoro yake ya pekee, inaonyesha nini, ya wakati gani, nani aliitengeneza, na foto. Ile ya kasoro watu wanaidharau lakini njo inayomukamata mwizi. Krwazeti ziko nyingi, ila krwazeti yenye mukono wa kushoto uliopasuka milimita 7 na tundu dogo katikati, ni moja.

Pima kwa milimita. Usiandike "kubwa kama mukono", mukono wa nani? Uzito kwa gramu, mara tatu, andika zote tatu.

Foto: asubuhi kama saa mbili, chini ya baraza, kivuli chenye mwanga, bila flashi. Weka kitu juu ya kitambaa cha rangi moja kisichong'aa, kijivu ni kizuri, na rula pembeni, rula ilale urefu sawa na uso wa kitu la sivyo inadanganya. Mbele, nyuma, pembeni, juu, chini, halafu karibu kabisa kwenye kasoro. Katika foto moja weka na kipande cha karatasi chenye namba. Namba yenyewe ni mwaka na hesabu, 2021.4 ni kitu cha nne nilichoandika 2021. Usiandike namba juu ya kitu kwa bik wala skochi, skochi inang'oa ngozi, funga karatasi kwa uzi wa pamba basi.

Krwazeti yenyewe

Sie watu wa Katanga tunaiona kila siku bila kuiangalia. Ilikuwa tatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960, iko kwenye sarafu za franka 1 na 5 za 1961, iko kwenye milango, kwenye shati, kwenye keki za arusi. Lakini mutu akuulize iko na umri gani unasema "ya zamani".

Mafundi wetu walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha na makala katika matanuru ya udongo wa kichuguu, na mukuba ukamwagwa ndani ya kalibu ya wazi. Hii ya kalibu ya wazi ikumbuke, inakusaidia sana: upande wa chini unachukua umbo la kalibu, upande wa juu umepoa kwa hewa kwa hiyo uko na makunyanzi, matundu ya upepo, pengine umebonyea katikati. Kwa hiyo krwazeti ya kweli iko na uso (ule wa kalibu) na mugongo (ule uliopoa kwa hewa). Andika ni upande gani uko na matundu.

Halafu mikono: pima yote mine mumoja mumoja, upana kwenye ncha na upana kwenye shina, unene katikati na unene kwenye ncha. Ncha zake zimekatika moja kwa moja, zimepanuka, ao zimekuwa duara? Mikono inafanya X ya sawa, ao imelala zaidi upande moja kama H? Umbo njo linaloongea, kwa sababu lilibadilika na wakati na pahali. Kule Sanga, kwenye kipindi wanachoita Kabambiani, kinachoanza kama karne ya 13, krwazeti za kwanza makaburini si nyingi na ni kubwa kidogo, zinakuwa juu ya kifua cha marehemu, halafu kadiri ya karne zinazofuata zinakuwa ndogo, nyingi, zinafanana uzito, zimewekwa karibu na mikono ao kiuno. Kitu kikiwa kidogo, kingi na kinafanana, hicho ni pesa. Angalia, hakuna aliyeandika kitabu kule, hii yote imetoka kwa watu waliopima mikono ya misalaba na kuandika ilikuwa wapi juu ya mwili. Zile kubwa zenye kufika karibu kilo moja, aina tunayoona majumbani, nyingi ni za miaka ya karibu zaidi.

Nyungu na vigae

Kigae kimoja cha udongo watu wanapiga teke. Angalia mudomo, shingo, tumbo, kitako, na useme una kipande gani. Vunjo (usivunje mupya! angalia pale palipovunjika zamani) inaonyesha udongo wa ndani: kuna muchanga, vijiwe, vipande vya nyungu nyingine iliyosagwa? Katikati ni nyeusi na nje nyekundu? Hiyo ni kwamba moto haukuingia sawa. Mapambo: yamechorwa kwa ncha, yamegongwa kwa kitu kama kichanuo, ao yamebiringishwa kwa kamba? Ukitaka kuhakikisha, kandamiza udongo wa mufinyanzi laini kwenye sahani, jaribu kamba na kichanuo, halafu linganisha kwa macho. Usikandamize udongo juu ya kigae chenyewe.

Na huu ufundi mudogo ninaupenda: unaweza kujua nyungu nzima ilikuwa na mudomo mupana namna gani kwa kipande kimoja tu. Chora kwa kompa miduara juu ya karatasi, nusu kipenyo sentimita 1, 2, 3 mpaka 20, yote kutoka kituo kimoja. Simamisha kipande cha mudomo juu ya karatasi kama vile nyungu imepinduliwa, kikae vizuri bila kuacha mwanga chini, halafu sogeza mpaka mukunjo wake ulingane na duara moja. Kama ni duara la 9, mudomo ulikuwa sentimita 18. Kipande kikiwa kidogo kuliko vidole viwili usiamini.

Usioshe. Ndani ya nyungu mafuta ya chakula cha kale yanaweza kubaki ndani ya udongo, laboratuari inaweza kusoma kama kulipikwa samaki ao nyama, na wewe ukipitisha Omo basi imekwisha.

Tarehe, na maneno ya Wazungu

"Enzi za kati" ni maneno ya Ulaya, kwao ni toka Roma ya magharibi ilipoanguka 476 mpaka karne ya 15. Kwetu hatukuwa na Roma ya kuanguka. Wakati kule walikuwa wanajenga makanisa ya mawe, kando ya Kisale kulikuwa kipindi cha Kisaliani, karne ya 10 mpaka ya 13, na nyungu zake ni za ustadi wa kushangaza, na makaburi mengine yalikuwa na kauri kutoka bahari ya Hindi. Kwa hiyo kwenye fishi (yale maandishi ya kila kitu ndani ya kaye) andika karne, ao jina la kipindi cha hapa, na andika kwa nini unafikiri hivyo. "Karne ya 19, juu inafanana na ile ya makumbusho" ni sawa. "Ya kale sana" ni kelele.

Kama mujomba alirudi toka Ubelgiji na sarafu ya Roma, ni zilezile hatua: uzito, kipenyo, herufi zote za mbele na nyuma kama zilivyo hata kama husomi (V yao ni U, kwa hiyo CONSTANTINVS), na zile herufi ndogo za chini kabisa, mara nyingi zinataja muji ilipopigwa. Ukitaka kujizoeza, anza na zile sarafu za Katanga za 1961, bado zinapatikana kwa wazee na hakuna kaburi lililofunguliwa.

Feki

Mukuba wa nyaya za umeme unayeyushwa leo Kampemba, kesho ni "krwazeti ya M'siri". Angalia: pande zote mbili zinafanana? Kuna mustari mwembamba ukizunguka pembeni, alama ya kalibu ya vipande viwili? Kuna alama za tupa? Kijani kinatoka kwa kitambaa chenye maji kidogo? Kijani cha siki na chumvi kinakaa juu juu kama poda, cha kweli kimeshikana. Sumaku isishike.

Halafu kuna maji. Hii fanya tu kwa kitu kigumu, kisichokuwa na kijani cha maana wala nyufa (kwangu haikuwa tatizo, ngozi nilishaimaliza). Weka bakuli la maji juu ya balansi, rudisha sifuri, shusha krwazeti kwa uzi izame yote lakini isiguse chini wala kando. Gramu zinazoonekana ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Yangu kavu ilikuwa gramu 742, ndani ya maji balansi ikaonyesha 84. Gawanya: 8,83. Mukuba safi ni 8,96, wa kalibu ya wazi unashuka kidogo juu ya matundu. Ingekuwa 8,4 ningesema ni shaba ya manjano ya robine. Lakini shika hii vizuri, inakuambia ni mukuba, haikuambii ni ya lini. Waya ya umeme nayo ni mukuba.

Kutunza

Shika kwa glavu ao mikono mikavu, jasho ni chumvi. Mukuba unaogopa unyevu, na sie kuanzia Novemba mpaka Machi nyumba nzima inalia maji. Tia ndani ya boksi ya plastiki inayofunga na vile vifuko vidogo vinavyokujaga na viatu vipya, vikichoka vinakaushwa kwa furu ya joto kidogo. Ukiona vidoa vya kijani nyeupe vinavyopukutika kama unga, huo ni ugonjwa wenyewe, chumvi iko ndani inakula. Tenga hicho kitu na vingine, kikae pakavu kabisa, na uonyeshe watu wa makumbusho. Mbao zikiwa na wadudu, sashe iliyofungwa na frigo ya kugandisha kabisa wiki mbili, ila kwa umeme wetu huu hesabu wiki mbili baada ya mara ya mwisho ulipokatika, pengine utamaliza mwaka.

Kwa wanaouliza fishi iliyojaa inafananaje, hii ni ya kwanza kabisa katika kaye yangu, nimeinakili jinsi ilivyo:

2016.1. Krwazeti, mukuba. Bluu: mikono mine, X, ncha zimepanuka. Toka ncha mpaka ncha milimita 203 na 198. Unene katikati 14, kwenye ncha 9. Gramu 742, 742, 741. Mugongo uko na matundu ya upepo, kubwa zaidi milimita 4. Mukono wa chini kushoto umepasuka milimita 7. Haina kijani: imesuguliwa kwa ndimu na muchanga na mwenye kuandika. Kijani: ilikuwa ya nkambo (mama mukubwa, siku aliyonipa). Karboni: karne ya 19? Nkambo aliipata kwa nani: